Mtumiaji aliyeingia usimweke kwenye static

Simu ililia asubuhi ya mwisho wa mwezi. "Kaka, mbona nimeingia kwa jina langu naona salio la mama mmoja hata simjui?" Alikuwa mhasibu wa SACCOS moja tuliyoitengenezea mfumo wa mikopo. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba haiwezekani, nimeujaribu mara mia. Kweli niliujaribu, ila peke yangu, kwa brauza moja.

Klasi karibu zote zilihitaji kujua nani ameingia. Kuivuta HttpSession (sesheni, yaani kumbukumbu ambayo programu ya wavuti ya Java humtunzia kila mtumiaji) kila mahali niliona ni usumbufu, nikaandika klasi moja yenye `static Mtumiaji aliyeingia`, nyingine zote zikawa zinachungulia humo. Kodi ilipendeza!

Kumbe kitu cha static ni kimoja kwa programu nzima. Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java, inahudumia watu wote ndani ya JVM moja (mashine pepe ya Java), kila ombi na thredi yake, yaani mkondo wake wa kazi, na usipogusa mipangilio thredi hizo zinaweza kufika 200. Akiingia Asha, humo yumo Asha. Akifuata Juma, Asha naye anaonekana Juma. Nikaliondoa neno static, nikauhamishia uga ndani ya sevleti, klasi inayopokea maombi ya brauza. Wapi! Kontena, yaani Tomcat yenyewe, hutengeneza sevleti moja ikahudumia kila mtu, kwa hiyo nilihamisha kosa tu.

Siku hizi nasoma sesheni mlangoni, yaani kwenye sevleti au kontrola, kwa `request.getSession(false)`. Ile false ina maana: kama hakuna sesheni unapata null, badala ya kufunguliwa mpya kimyakimya. Namchukua mtumiaji, nampitisha kama parameta: `mikopo.omba(mtumiaji, kiasi)`. Klasi ya mikopo haina haja hata ya kujua kuna HTTP. Nikitaka kuipima kwa JUnit, zana ya majaribio ya Java, nampa mtumiaji wa kubuni, basi. Wenzangu hunung'unika kwamba parameta zinazidi. Zinazidi kweli, lakini naona mara moja metodi inamtegemea nani.

Kuna sehemu parameta inafika kwa taabu, mfano kuandika nani kabadilisha rekodi gani. Hapo natumia ThreadLocal, kihifadhi ambacho kila thredi ina thamani yake humo. Naijaza kwenye filta, kodi ambayo ombi hupitia kabla ya sevleti, na kuifuta kwa `remove()` ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea. Usisahau kufuta. Thredi ya Tomcat haifi ombi likiisha, inarudi kungoja mwingine, na ukiiacha na mabaki ni sawa na gesti wasiobadilisha shuka. Tena ukianzisha thredi nyingine ya kutuma baruapepe, humo ThreadLocal ni tupu, kwa hiyo mpitishe mtumiaji mwenyewe.

Wanaotumia Spring, mfumo wa kujengea programu za Java, wana `@SessionScope`, inayotengeneza kitu kimoja kwa kila sesheni. Klasi zako hupewa kiwakilishi, na kila kinapoitwa kinakwenda kwenye sesheni ya ombi linaloendelea. Kwa kapu la manunuzi inafaa sana. Mimi sipendi kuitumia kubeba mtumiaji mzima na vyeo vyake. Naweka namba yake tu, mengine nayasoma kwenye hifadhidata, maana ukimvua mtu cheo saa nne, sesheni yake bado inamwita meneja mpaka atoke au akae kimya dakika 30, ambao ndio muda wa kawaida wa Tomcat.

Kabla ya kupeleka kazi kwa mteja, fungua brauza mbili tofauti, ingia kwa majina mawili, bonyeza huku na huku kwa zamu. Tabo mbili za brauza moja hazisaidii, zinatumia kuki ileile ya JSESSIONID, inayomwambia Tomcat sesheni ni ipi. Yule mhasibu bado ananipigia, na swali lake la kwanza siku hizi ni kama nimetumia brauza mbili.