Kuzunguka mashamba ya mizabibu ya Bourgogne kwa baiskeli: mambo ya kujua kabla ya siku ya kwanza

Bourgogne ni eneo la mvinyo mashariki mwa Ufaransa. Huko, kutoka mji wa Beaune hadi kijiji cha Santenay ni kilomita kama 22 kwa njia ya baiskeli iitwayo Voie des Vignes, ukipita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Kwa mwendo wa kilomita 13 kwa saa, hapo ni chini ya saa mbili za kukanyaga pedeli. Hata hivyo, msafara wenye kiongozi hutumia siku nzima. Wanaoishia kwenye gari la msaada si kwamba wameshindwa na umbali. Wameshindwa na tandiko, na jua la saa nane mchana, na glasi za mvinyo walizomeza kabla ya saa sita.

Anza kujiandaa wiki 6 kabla. Endesha mara tatu kwa wiki, na wiki mbili za mwisho endesha siku mbili mfululizo, kilomita 30 kila siku. Hizo siku mbili mfululizo ndizo zenye faida, kwa sababu makalio huuma siku ya pili, si ya kwanza. Nunua kaptura ya baiskeli yenye pedi na uivae bila chupi ndani. Mshono wa chupi ukibanwa kati ya ngozi na tandiko kwa saa nne huchubua, na mchubuko huo hauponi ukiwa bado unaendesha. Beba kaptura mbili, moja ifuliwe kila jioni.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Soma masharti ya bima hiyo kuona kama inagharimia ajali ya baiskeli. Mei na Juni ni miezi mizuri. Septemba mashamba hupendeza kuliko wakati wote, lakini ndiyo mavuno: wenye mashamba wana kazi, na wengi hawapokei wageni.

Ukikabidhiwa baiskeli, usiondoke kabla ya kuirekebisha. Kaa kwenye tandiko, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo urefu sahihi. Tandiko likiwa chini mno, maumivu huja mbele ya goti. Likiwa juu mno, nyonga hucheza huku na huku na ngozi huchubuka. Bonyeza kila breki peke yake. Huko breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto, na aliyezoea ya mbele kuwa mkono wa kulia anaweza kujirusha juu ya usukani kwenye mteremko wa kwanza.

Gia ibadilishwe kabla ya mlima, miguu ikiwa inazunguka kwa wepesi. Ukisubiri mpaka umekwama, mnyororo huwa umebeba uzito wako wote, nao hugoma au huruka. Baiskeli ya umeme huacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, na ni nzito, kwa hiyo funga breki mapema zaidi. Nguvu ya juu kabisa itunze kwa ajili ya Hautes-Côtes, vilima vilivyo nyuma ya mashamba.

Sisi tuliozoea kupita kushoto tuwe macho hasa tunapoanza upya baada ya kusimama. Barabara ikiwa tupu, mwili hurudi kushoto wenyewe. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia na magari yanakujia kutoka kushoto. Ndani ya vijiji, pasipo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama ni trekta linalotoka kichochoroni. Matrekta yenyewe ni marefu ajabu, yameundwa kupita juu ya mistari ya mizabibu, na dereva huko juu anaweza asikuone. Ukiona mtu ananyunyizia dawa, simama mbali upande unakotoka upepo mpaka amalize. Barabara kuu ya D974 iliyo chini ya mashamba iepuke, ina magari mengi.

Sasa mvinyo. Sheria ya Ufaransa ya gramu 0.5 za kileo kwa lita ya damu inamhusu mwendesha baiskeli sawa na dereva. Kipimo kimoja, yaani sentilita 10 za mvinyo wa asilimia 12, hupandisha kiwango kwa gramu 0.20 hadi 0.25. Ukionja mara sita, sentilita 5 kila mara, na kumeza zote, umekunywa vipimo vitatu. Umeshavuka. Kwa hiyo tema. Kila mahali pa kuonja pana chombo cha kutemea, na mwenye nyumba haoni kuwa ni dharau. Yeye mwenyewe hutema kila siku. Usishangae ukimiminiwa mwekundu kabla ya mweupe, ndivyo wengi wanavyofanya Bourgogne. Ghala la mvinyo la chini ya ardhi lina baridi ya nyuzi kama 12 hadi 14, na wewe unaingia umelowa jasho: koti jepesi lisikose. Panga kilomita nyingi asubuhi na kuonja alasiri, na usisahau kuwa wengi hufunga saa sita hadi saa nane mchana.

Asiyetumia kileo amwambie kiongozi siku ya kulipia, si mezani. Muda wake upangiwe Hospices de Beaune, hospitali ya kale iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, yenye paa la vigae vya rangi, au Clos de Vougeot, shamba la mizabibu lenye ukuta na jumba la kale, lililojengwa na watawa. Jambo kubwa zaidi ni chakula. Boeuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu, mara nyingi pamoja na vipande vya nguruwe. Œufs en meurette ni mayai kwenye mchuzi wa mvinyo. Jambon persillé ni nguruwe. Hata jibini ya Époisses huoshwa kwa pombe kali ya zabibu. Ukisema tu "sili nguruwe", mvinyo utabaki kwenye mchuzi. Taja vyote viwili.

Zabibu usichume, hata moja. Baiskeli usiiegemeze kwenye waya za mizabibu, iegemeze ukutani.

Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, na mbili kwenye mkoba wa upande mmoja huvuta usukani. Ziache kwa dereva wa gari la msaada, ukiandika jina lako kwenye boksi, na umwombe asiziache garini juani wakati wa chakula cha mchana. Joto la gari lililofungwa hupanua mvinyo mpaka kizibo kinasukumwa nje.