Ukitafuta kuvumwani kisiwani, usianze kwa kulaumu umbali

Nilipoanza kukusanya kuvumwani (mimea midogo isiyo na maua inayotanda kama zulia) katika visiwa vya Ziwa Kivu, nilipanda boti kutoka Bukavu hadi Idjwi mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekaza, nikafuata njia za mashambani na kurudi na bahasha chache. Kisha nikaandika kwamba kisiwa hicho kina kuvumwani kidogo kwa sababu maji yamekitenga na milima ya nchi kavu. Nilikosea, na ningependa mwanafunzi anayeanza kazi hii asipoteze mwaka kama nilivyoupoteza mimi.

Spora za kuvumwani, yaani chembe ambazo mimea hii huzaliana nazo, nyingi zina upana wa milimita 0.01 hadi 0.02 tu, na kwa chembe nyepesi kiasi hicho kilomita chache za ziwa si kizuizi. Surtsey, kisiwa cha volkano kilichochomoza baharini kusini mwa Iceland mwaka 1963, kilikuwa tayari na kuvumwani mwaka 1967. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu nusu ya kusini ya dunia ulionyesha kwamba visiwa vinavyounganishwa na njia za upepo hufanana zaidi kwa kuvumwani na hepatiki (jamaa zake, ambao baadhi wana mwili bapa unaotambaa) kuliko visiwa vilivyo karibu tu kwenye ramani. Ndiyo maana hata Visiwa vya Kanari, vyenye mimea mingi ya maua isiyoota penginepo, vina aina chache tu za kuvumwani zilizo zao peke yao.

Kwa hiyo kufika si kazi. Kazi ni kukaa. Mbegu ya kiume ya mimea hii huogelea kwenye utando wa maji ili ilifikie yai, na katika zaidi ya nusu ya aina za kuvumwani dume na jike ni mimea tofauti, hivyo spora moja iliyotua peke yake inaweza kuzaa zulia zima lisilotoa spora hata moja. Wapo wanaojisaidia kwa njia nyingine: hepatiki iitwayo Marchantia hubeba vikombe vidogo vyenye vipande vya mwili wake, na tone la mvua huvirusha vipande hivyo umbali mfupi tu.

Niliporudi Idjwi mwezi wa kumi na moja, mvua zikinyesha, niliingia kwenye mabaki ya msitu na kuinamia majani ya vichaka kwa lensi ya mkono. Hepatiki ndogo mno zilikuwa zimeyafunika. Zinahitaji kivuli na unyevu usiokatika, na miti ikikatwa hutoweka, hata kama spora zinaendelea kuletwa na upepo kila siku.

Basi nenda wakati wa mvua. Kagua udongo, mawe, magome na majani, kwa saa zilezile katika kila kisiwa, na uandike pia mahali ulipotafuta ukakosa. Linganisha miinuko inayolingana, kwani ziwa liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Mlima Kahuzi, ulio nchi kavu magharibi mwa ziwa, kiko mita 3,308, na aina zinazoishi kwa ukungu wa kileleni usizitarajie Idjwi. Tumia bahasha za karatasi, kwa maana ndani ya plastiki sampuli huoza, na uandike kwa penseli. Zile bahasha zangu za kwanza bado ninazitunza, na kila moja nimeiongezea neno «kiangazi».