Babu wa baba alimiliki watumwa: ana lawama?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukigawana vitu vya marehemu shangazi, ndani ya kasha tulikuta karatasi ya mwaka 1312 wa Hijria. Mwalimu wa madrasa alitusomea: babu wa baba yangu, aliyekuwa na shamba la mikarafuu hapa Unguja, anamwacha huru mjakazi wake mmoja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, akitaraji malipo Yake. Watumwa wengine wa shambani hawakutajwa. Kaka yangu anasema marehemu hana lawama, kwa kuwa zama zile kila mwenye uwezo alikuwa nao. Je, ni kweli? Na je, tuisome karatasi hii mbele ya ukoo?

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako hajakosea kote. Mtu aliyekulia Unguja kabla soko la watumwa la Mkunazini halijafungwa mwaka 1873 aliukuta utumwa umekwisha kuwa desturi, sheria na mali ya urithi, na si haki kumpima kana kwamba alilelewa katika nyumba zetu za leo.

Hata hivyo, anaposema "kila mwenye uwezo", anawahesabu waungwana peke yao. Watoro waliokimbia mashamba ya pwani ya Kenya wakajenga makazi yao Fuladoyo, nyikani, nao walikuwa watu wa zama zizo hizo, na walilolijua juu ya utumwa hawakungoja kufundishwa na sisi.

Shahidi mzito zaidi ni marehemu mwenyewe. Suratul Balad inakutaja kumkomboa mtumwa kuwa ni kupanda mlima mgumu, na Suratul Maida inakuhesabu miongoni mwa kafara za kiapo; hayo aliyasikia tangu chuo cha Kurani. Mtu hataraji malipo kwa jambo asilolijua kuwa ni jema. Alijua uhuru ni kitu gani, akampa mmoja, akawabakiza wengine, kwa sababu karafuu zilihitaji wachumaji. Kuogopa hasara si sawa na kukosa uwezo, na hapo ndipo mimi naiona lawama yake: imepunguzwa na mazingira, lakini haikufutwa.

Nalo jema lake tusimnyime. Karatasi hiyo ilitangulia amri ya Sultani Hamoud ya kufuta utumwa, ya mwaka 1897, kwa hiyo hakuna sheria iliyomshurutisha. (Amri yenyewe, inasikitisha kusema, iliwafidia mabwana na si watumwa, na masuria hawakuingizwa hadi 1909.)

Karatasi isomeni, tena yote. Mwombeni mwalimu aangalie kama jina la mjakazi limeandikwa, nalo litamkwe waziwazi kama litakavyotamkwa la babu yenu. Na mtakapomrehemu yeye, warehemuni pia wale waliobaki shambani, ambao hakuna aliyeandika majina yao.