Kitanzi chenye homoni na damu isiyo na mpangilio

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge sokoni hapa Arua. Huu ni mwezi wa tatu tangu niwekewe kitanzi chenye homoni cha kuzuia mimba, na damu haikatiki: leo matone ya kahawia, kesho mekundu, halafu siku nne kimya, kisha yanarudi. Sifungui meza yangu asubuhi bila kuvaa pedi. Jirani ananiambia kwamba bodaboda ninayopanda kila siku imekitikisa kitanzi na kunitia kidonda. Je, nikitoe?

JIBU: Pole sana, dada. Jambo hili ulistahili kuelezwa siku ile ile ya kuwekewa, kwa maana linawapata wanawake wengi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Kitanzi cha aina hii hutoa homoni ya levonojestreli kidogo kidogo ndani ya mji wa mimba, na homoni hiyo huufanya kuwa mwembamba ule utando ambao kila mwezi hujengeka na kutoka kama hedhi. Lakini utando hautulii kwa siku moja, na wakati unabadilika huvuja damu ovyo ovyo. Baadaye hedhi huwa nyepesi, na wengine huacha kabisa kuiona bila madhara yoyote. Kitanzi cha shaba ni kingine: hicho huweza kuzidisha hedhi.

Bodaboda haikitikisi kitanzi. Kikitoka, ni mji wa mimba wenyewe unaokisukuma, hasa miezi ya mwanzo. Kuhakikisha kipo, nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole hadi mlango wa kizazi uguse nyuzi nyembamba za kitanzi, wala usizivute. Usipozipata, au ukigusa ncha ngumu ya kitanzi chenyewe, tumia kondomu mpaka mkunga akupime.

Hata hivyo, sitaki ukae nyumbani ukivumilia tu. Rudi kituoni wakuangalie, wapime mimba na maambukizi, na kama damu inakuchosha uulize kuhusu ibuprofeni ya siku chache, ukiwaambia mapema ikiwa una vidonda vya tumbo. Usingoje hata siku moja endapo pedi inalowa kabisa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au unapata maumivu makali chini ya kitovu, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu cha kuanguka, au dalili za mimba, kwa sababu mimba ikitokea kitanzi kikiwa ndani huenda imetunga nje ya mji wa mimba.

Kuhusu kukitoa, uamuzi ni wako wakati wowote, wala hulazimiki kusubiri miezi 6. Ila kitolewe na mhudumu, na kama hutaki mimba mkubaliane kwanza njia itakayofuata, maana uwezo wa kushika mimba hurejea upesi. Ukienda, beba kadi yako na daftari ulilotia alama siku zote za damu.