Kodi za hitilafu za betri kwenye Toyota Prius (gari la haibridi): kabla ya kununua betri, angalia bloku jirani inasoma ngapi

Mkuu, usilipe kwanza. Umesema Prius yako ya 2008 imewasha pembetatu nyekundu, skana imetoa kodi P0A80 (betri kubwa ibadilishwe) na P3017 (bloku ya 7, yaani kundi la 7 la moduli za betri, ni dhaifu), na fundi amekwambia betri kubwa imekufa, ununue nyingine. Huenda yuko sahihi. Lakini kodi hizo mbili peke yake hazitoshi kuihukumu betri. Mimi nililipia betri nzima ndipo nikalijua hilo.

Gari lilikuwa la mama, Prius ya 2007, tupo Tanga. Kodi zilikuwa hizo hizo zako. Gereji tuliyoenda walisoma kodi, wakafunga betri iliyotumika kutoka gari jingine, wakafuta kodi, tukaondoka. Wiki ya tatu taa ikarudi, na bloku iliyolalamikiwa ni ile ile ya 7. Wakasema hata hii ya pili ilikuwa mbovu, tutafute ya tatu. Hapo ndipo nilipokataa. Betri mbili zilizotoka kwenye magari mawili tofauti zifie bloku moja? Nikauliza wamebadilisha nini hasa. Wakasema moduli tu. Waya za kusomea na kompyuta ya betri walivihamisha kutoka betri ya zamani.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Betri ya Prius hiyo ina moduli 28 zilizofungwa mfululizo, kila moja ina seli 6, jumla volti 201.6. Kompyuta haisomi moduli moja moja. Inasoma mbili mbili, kwa hiyo inaona bloku 14. P3011 ni bloku ya 1, ukihesabu hivyo P3017 ni ya 7. Ili kuzisoma bloku 14 kuna waya 15 nyembamba, na waya uliopo katikati ya bloku mbili unazihudumia zote mbili. Waya wa 8 ndio mwisho wa bloku ya 7, na huo huo ndio mwanzo wa bloku ya 8. Shika hilo, mengine yote yanatoka hapo.

Waya huo ukiliwa na kutu, bloku haziathiriki hata kidogo, ila kompyuta inadanganywa. Bloku moja itaonekana imeshuka na jirani yake itaonekana imepanda kwa kiasi kile kile. Kwa gari la mama, likiwa limesimama, bloku zote zilikuwa kwenye 15.5 hivi. Ya 7 ilisoma 12.1, ya 8 ikasoma 18.9. Jumlisha: 31.0. Gawa kwa mbili: 15.5. Moduli haziwezi kupatana namna hiyo zenyewe, huo ni waya.

Bloku iliyochoka kweli ina tabia nyingine. Ikipumzika inaweza kusoma vizuri kama wenzake. Ukikanyaga mafuta kwenye mlima inadondoka peke yake, na gari likichaji inapanda kupita wenzake. Jirani zake hawashtuki. Programu ya simu kama Dr. Prius na kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari) vinatosha kukuonyesha bloku zote 14 kwa pamoja. Waache wakusomee kodi, lakini namba ziangalie mwenyewe.

Angalizo: kipimo hiki cha jirani hakishiki waya wa kwanza na wa mwisho, kwa sababu hizo zina bloku upande mmoja tu. Ukiona shida iko kwenye bloku ya 1 au ya 14, lazima upime moja kwa moja kwenye betri.

Na kupima kwenye betri si mchezo. Huo ni umeme wa DC wa volti 200, haukupi nafasi ya pili. Zima gari, funguo iwe mbali, toa waya wa hasi wa betri ndogo, vaa glovu za umeme za volti 1,000 zisizo na tundu, chomoa plagi ya rangi ya chungwa inayoikata betri kubwa pande mbili, subiri dakika 10. Hata plagi ikishatoka, moduli bado zina moto wake, na ncha za mbali za upande mmoja zinaweza kuwa na zaidi ya volti 100. Pete na saa vua. Kama fundi wako hana glovu, tafuta mwingine.

Mimi nilipopima kwenye nati za betri, bloku ya 7 ilisoma 15.5, ya 8 pia 15.5. Nikafurahi. Kisha nikachomoa soketi ya waya za kusomea kwenye kompyuta, nikapima upande wa waya, nikapata tena karibu 15.5 kote. Nikachanganyikiwa siku nzima, nikawa naanza kuilaumu kompyuta. Kumbe mita ndiyo iliyonipoteza. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa kama megaomu 10, kwa hiyo hata waya uwe na kilo-omu 50 za kutu, itakuonyesha volti karibu zote. Kuona volti kwenye waya hakumaanishi waya ni mzima.

Dawa ni kuzitoa hizo waya kabisa kwenye betri na kuzipima omu, ncha hadi ncha, huku unazikunja kunja. Nyingine zote zilikuwa chini ya omu 1. Waya wa 8 ulikuwa unacheza kwenye kilo-omu 30, ukiukunja unapanda, ukiuachia unashuka. Nilipochuna plastiki karibu na terminali, pale waya ulipominywa, shaba ndani ilikuwa nyeusi na kijani, inamomonyoka kwa ukucha. Juu ya terminali ungeweza kupiga msasa ikang'aa, lakini ndani imeshaoza. Kwa hiyo seti ya waya ikiwa hivyo usiisafishe, badilisha. Angalia pia pini za soketi ya kompyuta, ule ukijani huwa unafika hadi huko.

Jambo jingine: terminali za kusomea zinakaa chini ya nati moja na vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Shaba ikiwa na kutu, mkondo mkubwa ukipita volti zinapotea hapo, na bloku inaigiza kuchoka kweli. Kwa hiyo safisha shaba zote hata kama hukuona shida ya waya. Kurudisha nati tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), 5.4 Nm tu. Ukikaza kwa nguvu za mkono utavunja mguu wa moduli.

Waya ukikatika kabisa kodi huwa P3030, hiyo ni rahisi. Anayesumbua ni huyu aliyeoza nusu. Wenye Nissan Leaf, gari la umeme, nao wajue hivyo hivyo: ile ya kWh 24 ina jozi 96 za seli mfululizo, ukiona jozi moja iko chini na ya jirani iko juu kwa kiasi kile kile, anza na waya.

Nitumie namba za bloku zote 14, mara moja gari likiwa limesimama na mara moja likipanda mlima, na hasa ya 6, ya 7 na ya 8. Na umwambie fundi asifute kodi kwanza.