"Although" na "but" hazikai chungu kimoja

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu amemkata alama binti yako wa kidato cha pili kwa "Although it rained, but we went to the farm", wakati kila neno ni sahihi. Mimi kosa hilohilo limeniumbua nikiwa mtu mzima, tena ofisini.

Nilikuwa karani hapa Dodoma. Nikaandika dokezo: "Although the driver was informed, but he did not come." Likarudi mezani, "but" imezungushiwa wino mwekundu, maelezo hakuna. Nikaumiza kichwa mpaka saa ya kutoka. Sisi tunasema "ingawa aliambiwa, lakini hakuja" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hapo kinataka kiunganishi kimoja tu. Ukiweka "although", "but" inaondoka. "Because" na "so" nazo vivyo hivyo.

Ila mtego mkubwa uko kwingine. Kiswahili mara nyingi tunakimeza kiunganishi ndani ya kitenzi: ukisema "nilipofika Sabasaba", ile "when" imo kwenye "po". Sasa "nitakapofika" ina "ta" ndani yake, ndiyo maana watoto wetu wanaandika "When I will reach Dodoma, I will call you". Sahihi ni "When I reach Dodoma, I will call you". "Will" inabaki kwenye kishazi huru peke yake, yaani ile sehemu ya sentensi inayojitosheleza, "I will call you". Nikifundisha tuisheni nawaambia waifikirie sentensi kwa "nikifika". Humo hamna "ta", na bado kila mtu anajua ni baadaye. "If" nayo iende hivyohivyo: mvua ikinyesha, "if it rains".

"Unless" ndiyo inachekesha. Tayari imebeba "si" ya "usipolipa". Ukiandika "Unless you don't pay, the conductor will drop you", umesema konda atamshusha aliyelipa!

Mkato ni jambo dogo: kishazi tegemezi (ile sehemu isiyojitosheleza, kama "Although it rained") kikitangulia, uweke, kikija nyuma, mara nyingi hauhitajiki. Na binti asikiache kishazi hicho peke yake na nukta, kama "When the bus arrived." Ni sawa na kumwambia jirani "basi lilipofika" kisha ukanyamaza. Atakuuliza, "Eeh, ikawaje?"

Kwa hiyo binti afute neno moja tu, mkato auache palepale: "Although it rained, we went to the farm."