Kikundi cha viwango kimelala: anzeni na kurasa nne

Mkuu, umesema mlianza watu 40, madaktari na watu wa kompyuta, mkitaka kuandika kiwango, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya kompyuta ya hospitali kupeana taarifa za wagonjwa. Sasa vikaoni mnabaki watatu, na unauliza kama posho itawarudisha wengine. Kwa niliyoyapitia, posho haitawarudisha.

Kikundi chetu kilikuwa cha aina hiyohiyo. Karibu mwaka mzima tulijadili muundo wa kamati na jina la kiwango. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja ambao mtu angeusoma usiku, watoto wakishalala, akasema "hapa mmekosea". Anayejitolea akikosa vikao viwili, akarudi na kukuta mjadala ni uleule, humwoni tena. Wala simlaumu.

Kilichotuinua ni dada mmoja wa maabara. Aliandika kurasa nne peke yake, kuhusu namna ya kutuma majibu ya vipimo tu, akatutumia na neno moja: rekebisheni. Zilikuwa na makosa mengi, na hayo makosa ndiyo yaliyowaamsha watu. Waliokuwa kimya miezi yote walijibu wiki ileile.

Baadaye nilifuatilia IETF, wanaoandika viwango vya intaneti tangu 1986. Hawana uanachama wala hawapigi kura. Rasimu isipohuishwa ndani ya miezi 6, muda wake unaisha. Sisi tuliweka wiki sita, na kila rasimu ikawa na mshika kalamu mmoja anayejulikana. Mtu akipinga, hatuhesabu wangapi wako upande wake. Tunauliza kama hoja yake imejibiwa. Hilo pia tumelitoa kwao, na limetuepusha na ugomvi mwingi.

Jambo jingine ni kujaribu mapema. QUIC, utaratibu wa kusafirisha data kwenye intaneti, IETF walianza kuifanyia kazi 2016 na kiwango chenyewe kikatoka Mei 2021, rasimu yake ya msingi ikiwa imefika namba 34. Katika miaka hiyo watengenezaji wa programu mbalimbali walikuwa wakikutanisha kazi zao kuona kama zinaelewana. Nasi tukatenga Jumamosi moja, kila mtu na laptopu yake, mfumo wangu utume, wako upokee. Ndani ya saa moja tuligundua kwamba mgonjwa asiyejua tarehe ya kuzaliwa, mfumo mmoja unamwandikia Januari 1, mwingine unaacha wazi, wa tatu unakataa kumsajili kabisa. Tulikuwa tumekaa vikao vingi bila hata mmoja wetu kulitaja suala hilo!

Kwa hiyo ninyi watatu mliobaki mnatosha kuanza. Chagueni kipande kimoja, mfano rufaa ya mgonjwa kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, mmoja wenu aandike, kisha watumieni wote 40. Mkiziweka kurasa hizo hapa nitazisoma mstari kwa mstari.